Gorogoro haina stika: barua ya wazi kwa wakuu wa kilimo

Kwa Waziri wa Kilimo. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea na mbegu, Karen. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Loresho. Na kwa wakuu wa kilimo wa Kaunti ya Nairobi.

Waheshimiwa,

Nauza nafaka Nyamakima, hapa Nairobi, kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia: mahindi, mtama, wimbi, mawele na maharagwe ya kila rangi. Kabla ya kufungua duka nilifanya kazi ya maabara miaka kumi na minne, nikisaga majani, nikitoa vinasaba na kuosha chupa hadi vidole vikanyauka. Kazi niliiacha, tabia haikuniacha. Gunia likishushwa kwenye mkokoteni, wenzangu huuliza lina kilo ngapi. Mimi hujiuliza limebeba nini zaidi ya nafaka. Barua hii ni ombi: pimeni nafaka ya sokoni inayogeuka mbegu, mjue kama imebeba ugonjwa.

Kuna jambo ambalo kila mwenye duka huku analijua. Ikifika mwisho wa Februari, wateja hubadilika. Mteja wa kawaida husema "nipimie gorogoro mbili", hulipa, huenda zake. Mteja wa Februari humimina punje kiganjani, hupuliza makapi, huchagua moja na kuing'ata. Ataniuliza mtama huu umetoka wapi, ni wa msimu huu au uliolala, umetiwa dawa ya fukusi au la. Huyo hapiki. Huyo anaenda kupanda. Ni bawabu wa jengo la Westlands mwenye ekari moja kwao Mwingi, au mama afuaye nguo Kangemi ambaye shangazi yake wa Siaya amemwagizia wimbi mwekundu. Usiku mzigo unapanda basi, alfajiri uko Siaya, na mvua ikigusa ardhi umeshaingia udongoni. Mwezi wa Septemba, mvua za vuli zikikaribia, mambo huwa yaleyale.

Mkaguzi akipita dukani kwangu huona chakula, na hakosei. Kikaratasi cha bei kimeandikwa chakula, na kodi ya soko nailipia chakula. Kinakuwa mbegu pale tu mteja anapokunja mfuko. Tena mtama na wimbi ninaouza mara nyingi umevuka mpaka wa Busia au Namanga kabla ya kunifikia, umechanganywa na wa mashamba ambayo hata dereva hayajui.

Pakiti ya mbegu ya agroveti, duka la pembejeo, ina stika. Unaikwangua, unatuma namba kwa 1393, unajibiwa mbegu ni ya nani. Nawasifu kwa hilo, na mahindi ninayopanda mimi hununua hivyo. Gorogoro haina stika.

Ninachohofia kina jina gumu: fitoplasma. Ni bakteria asiye na ukuta wa seli, ndiyo maana penisilini, ambayo kazi yake ni kuuvuruga ukuta huo, haimgusi. Makao yake ni mawili: mishipa inayoshusha sukari kutoka majanini, na mwili wa vijidudu vinavyoruka-ruka juu ya majani vikifyonza utomvu. Kwa miaka mingi wataalamu waliyahesabu magonjwa yake kuwa ya virusi, mpaka mwaka 1967 Yoji Doi na wenzake kule Japani walipomwona kwa hadubini ya elektroni ndani ya miforsadi iliyodumaa. Hadi leo kumwotesha peke yake kwenye sahani ya maabara ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Kwa hiyo mwenye kumtafuta hutafuta vinasaba vyake.

Kwenye nafaka ana historia ndefu. Wachina wanamjua katika ngano, ambayo hudumaa na kugeuka rangi. Waserbia wanamjua katika mahindi, ambayo majani yake huwa mekundu na magunzi hubaki na punje zilizosinyaa. Kutoka Mexico hadi Brazili mahindi hudumaa na kuchipua pembeni kama kichaka, yakiambukizwa na kijidudu kiitwacho Dalbulus maidis. Kijidudu hicho ni cha Amerika. Sawa, lakini viwavijeshi vamizi navyo vilikuwa vya Amerika hadi mwaka 2016 vilipotua barani kwetu, na leo hakuna mkulima wa mahindi Kenya asiyevijua.

Sisi tunaye kwenye nepia, ile nyasi ndefu tunayolishia ng'ombe.

Mimi ni mtu wa Bungoma, na Bungoma ndiko ugonjwa wa kudumaa kwa nepia uliporipotiwa kwanza nchini, mwaka 1997. Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwaka 2012 shemeji alimletea vipande vya nepia kutoka kwa jirani yake, zawadi. Kwetu mbegu ya nepia haiuzwi. Ukimwuzia mtu utasemwa hadi kwenye matanga yako. Vipande vilikuwa vimenona, vifundo vizima. Mkato wa kwanza tulifurahi. Mkato wa pili ulitoa majani membamba ya manjano, machipukizi mengi kama ufagio, kimo cha goti. Wa tatu haukuwapo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: shina linaweza kuonekana lina afya kamili huku limeshaambukizwa, na dalili zijitokeze baada ya kukatwa na kuchipua tena. Aliyetoa zawadi hakuwa na hila yoyote.

Niling'oa shina moja na mizizi yake, nikalitia kwenye gunia, nikalipeleka ofisi moja ya kilimo ambayo sitaitaja, maana aliyenipokea huenda alisema alichofundishwa. Alilitazama nusu dakika akaniambia udongo umechoka, mama aongeze samadi. Mama akaongeza samadi mwaka mzima. Ng'ombe akauzwa.

Kinachoniuma ni kwamba wakati huo elimu ilikuwapo, na ilikuwa umbali wa nauli ya matatu kutoka nilipokuwa nikifanya kazi. Pale Kasarani, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walikuwa wameshamtambua kijidudu anayeueneza, Maiestas banda. Kipimo cha vinasaba kiitwacho LAMP, cha ugonjwa huohuo, kilikuwa kimeshatengenezwa: unakipasha joto moja tu, la nyuzi 60 na kitu, chini ya saa moja umejibiwa, bila ile mashine ya PCR, inayorudufisha vinasaba kwa kupanda na kushuka joto. Zungukeni Nairobi wenyewe muone. Icipe iko Kasarani, ILRI ya utafiti wa mifugo Uthiru, chuo cha kilimo Kabete, KALRO Loresho, KEPHIS Karen, na kituo cha karantini Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu. Sijui ni miji mingapi Afrika yenye wajuzi wengi hivi wa magonjwa ya mimea ndani ya safari ya asubuhi moja. Na katikati ya wajuzi hao, kando ya barabara ya Waithaka na Uthiru, matita ya nepia yanauzwa kila siku kwa wafugaji wa mjini, mashina yaliyokomaa, na vifundo vinavyobaki ng'ombe akishiba hutupwa uani vikachipua.

Jina la kisayansi la bakteria wa nepia ni Candidatus Phytoplasma oryzae. Oryza ni mpunga. Ni wa kundi moja na yule anayefanya mpunga wa Asia kuwa wa manjano na mfupi. Hilo halina maana kwamba nepia ya Bungoma itaangusha mpunga wa pishori wa Mwea. Lina maana kwamba tunaishi na jamaa wa karibu wa ugonjwa wa nafaka katikati ya nafaka zenyewe, maana mkulima anayetumia mbinu ya vuta-sukuma huzungusha nepia kwenye mahindi ili ivute nondo wa funza wa mashina. Na fitoplasma imekutwa pia kwenye nyasi pori za Afrika Mashariki, zile tunazong'oa na kutupa mpakani mwa shamba.

Sasa nirudi kwenye gorogoro.

Nilipokuwa maabara tulifundishwa kwamba fitoplasma haipiti kwenye mbegu, na sababu ilikuwa ya maana: mishipa ya mmea mama haiungani moja kwa moja na kiinitete kilicho ndani ya punje. Nikaishi na jibu hilo kwa amani. Halafu mwaka 2011 watafiti wa Italia na wenzao wakaripoti kwamba miche iliyooteshwa kutoka mbegu za mimea iliyoambukizwa, ya mahindi, ya nyanya na ya rapa ya mafuta, ilikutwa na vinasaba vya fitoplasma. Kabla ya hapo vilikuwa vimekutwa ndani ya viinitete vya nazi za minazi yenye ugonjwa wa manjano. Wapo wataalamu ambao hawajashawishika, na hoja yao ni nzito: kukuta vinasaba si kukuta ugonjwa. Maiti naye ana vinasaba.

Ubishi huo unaweza kupimwa, na si lazima upimwe Ulaya. Mbegu huoteshwa ndani ya nyumba ya chandarua ambamo kijidudu hakipenyi, ndani ya udongo uliochemshwa, kisha unapimwa mche, si punje. Mche ukiwa nao, na hakuna mdudu aliyeufikia, basi umetoka kwenye mbegu. Muguga wanajua kazi ya karantini. Ninachoomba ni kwamba safari hii kinachooteshwa kitoke Nyamakima, na kitoke pia kwenye masoko ya Bungoma, Kitui na Homa Bay.

Mtasema hata ikipita kwenye mbegu, ni kidogo mno. Hapo ndipo naomba tukumbuke Bomet, Septemba 2011. Ugonjwa hatari wa mahindi uliozuka huko na kutulaza njaa ulikuwa wa virusi, si fitoplasma, lakini somo la mbegu ni lilelile. Mmoja wa virusi viwili vinavyouleta hupita kwenye mbegu kwa kiwango kidogo sana: jaribio la Hawaii lililochapishwa mwaka 1991 lilikuta miche 17 iliyoambukizwa kati ya 42,000. Ni asilimia 0.04. Ukiitazama ofisini ni namba ya kupuuzwa. Itazame shambani. Ekari ya mahindi yaliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 25 hubeba mimea kama 21,500. Asilimia 0.04 yake ni mimea minane au tisa, iliyotawanyika, kila mmoja ukiwa kama jiko lililowashwa, ukingoja mdudu abebe kaa la moto kwenda kwa jirani. Fitoplasma nayo ina mdudu wake wa kubeba.

Sasa tazama kipimo. Kipimo cha uotaji hutumia mbegu 400. Ukichukua mbegu 400 kutoka kwenye mzigo wenye maambukizi ya asilimia 0.04, karibu mara sita kati ya saba hutakuta hata moja mgonjwa. Utaandika "safi", utapiga muhuri, na hutakuwa umesema uongo. Ili uwe na hakika ya asilimia 95 kwamba ungekamata angalau moja, unahitaji mbegu kama 7,500. Kwa mahindi hiyo ni gorogoro moja na robo hivi. Kwa mtama ni kama kikombe kimoja tu. Zikigawanywa mafungu ya mia mia ni vipimo 75 kwa mzigo mmoja. Ni gharama, najua, nimeagiza dawa za maabara mimi mwenyewe na ninakumbuka bei zilivyokuwa zikimfanya mkubwa wangu avue miwani. Lakini si gharama ya kila gunia. Ni gharama ya sampuli chache kwa msimu, masoko machache, miaka mitatu, ili nchi ijue kama ina tatizo au haina.

Na wanaopima wawe wenye uzoefu, tafadhali. Fitoplasma hawakai sawasawa ndani ya mmea. Ukichuma ncha ya jani unaweza kuwakosa, ilhali kwenye mshipa wa katikati wamejaa. Upande wa pili, PCR ya awamu mbili, ambayo ndiyo wengi huitegemea bakteria wakiwa wachache, ni kali kiasi kwamba tone lililoruka kutoka kwenye bomba la jana huleta ugonjwa usiokuwapo. Nimewahi kuambukiza maji ya maabara. Kwa wiki tatu kila kitu nilichopima kilikuwa kigonjwa, hata sampuli isiyo na mmea wowote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgonjwa ni mimi. Kwa hiyo naomba kila jibu la "ndiyo" lithibitishwe na maabara ya pili kabla halijafika kwenye redio. Mkitangaza ugonjwa kwenye mtama wa Nyamakima kwa sababu ya pipeti chafu, mtakuwa mmetufilisi Jumatatu na kutuomba radhi Ijumaa.

Shambani nako kuna kazi rahisi kuliko hiyo, na haihitaji mashine. Dalili za fitoplasma zinafanana na shida nyingine nyingi. Mahindi yenye majani ya zambarau huambiwa yamekosa fosforasi, na mara nyingi ni kweli. Ya manjano huambiwa yamekosa mbolea ya kukuzia. Yaliyodumaa huambiwa ni ukame au ugonjwa wa milia. Afisa wa kilimo akipewa karatasi moja yenye picha, upande huu njaa ya udongo, upande huu mmea mgonjwa, atajua pa kuanzia kuuliza: je, hali iko shamba zima kwa usawa, au ni shina moja hapa na moja pale katikati ya mimea iliyonawiri? Udongo uliochoka hauchagui shina moja. Hilo tu lingemwokoa mama yangu na mwaka wa samadi.

Kuhusu nepia, jibu ni mashina mama yaliyopimwa. Kila kaunti ya maziwa iwe na kitalu chake, kipimwe kila mwaka kwa LAMP, na mkulima aambiwe achukue vipande huko. Zawadi ziendelee kutolewa, watu wasigombane na mashemeji zao, ila zianzie kwenye shina linalojulikana.

Kuna ombi ambalo naliona kubwa kuliko yote. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima anayegawana mbegu na jirani aonekane mhalifu. Nilishangilia. Mbegu za mtama na wimbi za nchi hii ziko hai kwa sababu akina mama wamezigawana, si kwa sababu ya pakiti. Naogopa kwamba mtu atasoma barua kama hii yangu, aone neno "ugonjwa", kisha akimbilie kutafuta sheria nyingine ya kurudisha marufuku kwa mlango wa nyuma. Msifanye hivyo. Msitutumie askari Nyamakima kupasua magunia. Mkija na pingu, mteja wa Februari atahamia uchochoroni, na hamtaiona tena ile mbegu mnayotaka kuipima. Sasa hivi kila mtu anauza mchana kweupe, na hiyo ni bahati kwa mtu wa sampuli.

Na mkishapima, semeni. Semeni hata mkikuta hakuna kitu, hasa mkikuta hakuna kitu. Karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe sokoni: tulichukua sampuli hapa, tulipima hivi, tulipata hivi. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi kilio cha Bomet bado tunakikumbuka.

Mvua za masika hazitungojei. Wiki ya mwisho ya Februari duka langu litakuwa limejaa kuanzia saa moja asubuhi, na wateja wa kung'ata punje nitawajua wakiwa bado mlangoni. Tumeni vijana wawili wenye daftari. Wasivae sare. Waje na mifuko ya karatasi, maana mbegu ikifungiwa kwenye nailoni hutoka jasho, na nailoni zenyewe mlizipiga marufuku mwaka 2017. Wakae nami kaunta siku tatu, na kila mteja anayenunua mbegu wamwombe kwa adabu kiganja kimoja cha alichonunua na jina la kaunti anakoipeleka. Nitamfidia mteja kile kiganja kutoka kwenye gunia langu. Gorogoro ya kwanza ya mtama wa Busia natoa bure, ya pili mtalipa bei ya jumla.

Wenu,
mwuza nafaka, Nyamakima, Nairobi